Siri Iliyopigiwa Makofi

6 Februari

Mama Mkunga,

Shikamoo, na Bwana asifiwe.

Nimeshika kalamu kwa woga kidogo. Siku ya mwisho ya semina, Mkufunzi alipotupanga wawiliwawili ili washauri wa makanisa mbalimbali tutiane moyo kwa barua, nilitarajia kupewa kijana mwenzangu. Nikapewa wewe, mkunga mstaafu, mshauri wa wanandoa tangu mimi sijaota ndevu. Mke wangu aliposikia alicheka hadi akakaa chini. "Afadhali," akasema, "umepata mtu wa kukunyamazisha."

Basi nikupe habari za huku. Mchungaji amenipa stoo iliyo nyuma ya madhabahu. Mna ngoma mbili za kwaya, viti vibovu vilivyopandana hadi darini, na taa inayowaka ikipenda yenyewe. Nimefagia, nikachagua viti viwili visivyochechemea. Mchana nanyoa watu, jioni nafungua stoo. Wa kwanza kugonga alikuwa mama mmoja aliyetafuta choo. Ilibaki kidogo tu nimshauri.

Lakini sasa amekuja mtu wa kweli. Mwanamume. Alikaa muda mrefu bila neno, nami nikakumbuka ulivyoniambia tukinywa chai, kwamba mtoto hazaliwi haraka kwa sababu mkunga anapiga kelele. Nikanyamaza. Mimi, kinyozi! Mwishowe akaanza kusema, na alipoanza nilitamani asingeanza, maana yalikuwa mazito. Nilirudi nyumbani miguu ikinitetemeka.

Je, huwa hivyo, Mama? Na iko siku mtu anaacha kuona aibu akikaa kati ya watu wenye vyeti? Pale semina kila aliyesimama alikuwa na cheti cha hiki na diploma ya kile. Mimi nilipoulizwa nimesomea nini, nilisema nywele. Walicheka kwa upendo, lakini walicheka.

Mwanao katika huduma,
Kinyozi

---

17 Februari

Mwanangu Kinyozi,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha.

Miguu kutetemeka ni kawaida. Mimi nimepokea watoto maisha yangu yote, na kila mama aliyepanda kitandani alinitetemesha. Siku usipotetemeka, acha kazi.

Habari ya vyeti iache. Aliyekaa mbele yako hakuja kutafuta cheti, alikuja kutafuta sikio. Lakini nakuagiza jambo moja. Semina ya pili inakuja mwezi ujao na Mkufunzi ataomba mifano ya kazi tulizofanya. Usijifiche nyuma kama ulivyofanya. Simama. Ficha jina, ficha mji, kisha useme ulivyomsikiliza huyo mtu. Wenzako watajifunza, na wewe utaacha kujiona mdogo.

Nami nikwambie langu, maana kutiana moyo si kwa upande mmoja. Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, anafanya kazi mji mwingine. Mkewe alimwacha mwaka jana akaenda na mwanamume. Aliondoka na mjukuu wangu. Mwanangu aliponiambia, alisema kwa sentensi moja, hakurudia. Tangu utoto ndivyo alivyo, ndiyo maana nyumbani tulimwita Kimya. Nimelia, kisha nikasema machozi yasipotee bure. Katika kikundi chetu cha akina mama namtumia huyo mkwe kama mfano, kuwaonya wasichana wanaokaribia kuolewa. Uchungu wa mtu mmoja unaweza kuwafunza wengi.

Kwa hiyo simama useme.

Mama Mkunga

---

24 Machi

Mama yangu Mkunga,

Nilisimama! Uliniona nilivyosimama?

Hadi sasa masikio yananivuma. Nilianza kwa kugugumia, wewe mwenyewe ulisikia, lakini nilipofika pale pa yule mwanamume na mkewe, ukumbi mzima ulitulia. Mke anampigia pasi nguo nyeupe za kazi, anasinzia kwa uchovu, shati linaungua. Mume anampiga kofi mbele ya mtoto. Mke anaangukia mlango, jino linavunjika. Kisha hapigi kelele. Anaiokota pasi, anaisimamisha wima ili nyumba isiungue, anamshika binti yake mkono, anatoka. Nilipoisimamisha pasi hiyo kwa mkono wangu hewani, dada mmoja wa mstari wa mbele alifuta macho.

Nikaonyesha na jinsi mtu wangu anavyokaa kitini, vidole gumba amevificha ndani ya ngumi kama anayeogopa visiibiwe. Mkufunzi akasema, "Huyo ndiye mshauri. Anaona mwili unaposema." Wakapiga makofi. Mama, mimi sijawahi kupigiwa makofi tangu kuzaliwa, hata harusini kwangu walimpigia bibi harusi.

Nikakutafuta kwa macho. Kiti chako kilikuwa kitupu. Wakati wa chakula nikaambiwa umekwisha panda basi. Je, uliugua? Nilikuwa nimekuwekea nafasi mezani, nikabaki na Shemasi, yule wa koti la kijani, akiniuliza maswali mdomo umejaa: mtu wako ana umri gani, mji wenu uko upande gani. Sikumjibu, nikampa chumvi.

Niandikie ulionaje. Makofi ya wote hayafiki neno lako moja.

Mwanao,
Kinyozi

---

2 Aprili

Kinyozi,

Tumbo lilinisokota, nikaona niwahi basi. Sasa sijambo.

Ulisema vizuri.

Yapo machache ningependa kuyaelewa, kwa kujifunza. Huyo mke sasa yuko wapi? Alikwenda kwa mwanamume mwingine? Na huyo mume aliwaambia nini watu wa kwao?

Mama Mkunga

---

9 Aprili

Mama Mkunga,

Pole kwa tumbo. Nilishaanza kuogopa kwamba nilikuudhi.

Maswali yako ni ya mtu mzima katika kazi. Kwa mwingine nisingejibu, lakini wewe ni mlezi wangu, na kwako nimekuja nijifunze, si nijifiche.

Mwanamume mwingine hakuwepo. Hakuwepo kabisa. Mke yuko kwa shangazi yake, anapiga pasi katika dobi moja karibu na stendi, anamlea binti yao. Habari ya mwanamume ni uongo alioutunga mtu wangu ili amwambie mama yake. Mama huyo ni mtu mkubwa kanisani kwao, na mwanawe anamwogopa kuliko polisi. Anasema angeweza kuvumilia kufungwa, lakini si kumwona mama yake akimtazama kama mpiga wanawake.

Sasa anataka kusema ukweli. Tena si mimi niliyemlazimisha, yeye mwenyewe. Tunafanya mazoezi. Mimi nakuwa mama yake. Najifunga taulo la kinyozi kichwani, nakunja uso, nasema, "Haya, mwanangu, nini?" Mara ya kwanza tulicheka wote wawili. Kisha akaanza, "Mama, nilikudanganya," akaishia hapo. Jioni ya jana alifika sentensi ya pili. Ungemwona, ungedhani amepanda mlima.

Ameniomba nimsindikize siku akienda kwake, mwisho wa mwezi. Nimekubali. Tuombee.

Kinyozi

---

28 Aprili

Mama,

Sijui nianzie wapi.

Jana yule mtu wangu alikuja dukani. Nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, na wengine kwenye benchi wanasoma gazeti. Hakusalimia. Alisimama mlangoni na nguo zake za kazi, unga mpaka kwenye nyusi, akasema, "Kinyozi, kumbe ulikuwa unanisikiliza ili upate cha kusema."

Nikamwambia, ndugu yangu, ingia tuzungumze nyuma. Akasema, "Nyuma ni wapi? Huna nyuma wewe. Wewe wote ni mlango." Akaondoka. Yule mteja akaniuliza, "Anakudai?" Nikasema ndiyo, maana ni kweli.

Nimekuja kusikia kutoka kwa mwenzake wa kazini. Mama yake alitokea bila taarifa kwenye kiwanda cha mikate anakofanya kazi, akapita mpaka penye tanuri, akamwambia yote mbele ya wenzake. La kofi, la jino, hata la pasi kusimamishwa wima. Hilo la pasi, Mama, aliniambia mimi peke yangu. Nami nililisema mahali pamoja tu, pale ukumbini.

Basi kuna mtu aliyetoka kwenye semina yetu na mdomo wazi. Namfikiria yule Shemasi. Nani mwingine aliniuliza mji wetu? Wewe unawajua watu wale kuliko mimi. Nisaidie kumtafuta aliyefanya hivi. Nikimpata sijui nitamfanya nini, lakini nitamtazama usoni.

Nimeaibika. Leo nimemkata mteja sikio.

Kinyozi

---

6 Mei

Mwanangu,

Usimtafute mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwombee huyo kijana, nawe upumzike.

Acha habari ya Shemasi.

Mama Mkunga

---

20 Mei

Mama Mkunga,

Nisamehe, sikukutii. Barua yako ilifika nikiwa nimekwisha kumwandikia Mkufunzi kuhusu Shemasi.

Sasa Shemasi amesimamishwa mafunzo. Mchungaji wake amemwambia asiingie chumba cha ushauri mpaka jambo lichunguzwe. Ameniandikia mistari mitatu. Anasema, "Ndugu, mji wako siujui hata leo. Nilikuuliza kwa sababu ulikuwa umekaa peke yako na nilikosa la kuzungumza. Mke wangu ananitazama kana kwamba hanijui." Hakunitukana. Angenitukana ningelala.

Na yule mtu wangu ameacha kazi. Kule kiwandani walianza kumwita Pasi. Akipita wanasema, "Jamani, msimuunguzie shati!" Alivumilia siku chache, kisha akavua aproni akaiweka juu ya meza ya kukandia, akatoka. Chumba alichopanga kimefungwa. Hakuna anayejua alipo.

Nakaa stoo kila jioni na viti viwili. Mchungaji anadhani nafanya kazi. Nakaa tu.

Niambie ukweli, Mama. Unadhani ni Shemasi? Kwa nini uliniambia niache habari zake, kama unajua kitu?

Kinyozi

---

27 Mei

Mwanangu Kinyozi,

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mimi.

Mtu wako ni mwanangu. Yule ni Kimya.

Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu nikijivunia wewe. Uliposema nguo nyeupe za kazi, sikushtuka, wenye nguo nyeupe ni wengi. Uliposema binti mdogo, niliinua kichwa. Kisha ukakaa kitini ukaficha vidole gumba ndani ya ngumi. Watoto wote wachanga hukunja mikono hivyo, halafu huacha. Wangu hakuacha. Alikwenda shule hivyo, alisimama mbele ya madhabahu siku ya ndoa yake hivyo, mpaka msimamizi wake wa ndoa ikabidi amfungue mkono ili pete ivalishwe. Watu wakawa wanakupigia makofi, nami nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Ningeweza kukuambia siku ile ile. Sikukuambia. Nilikuandikia kuwa tumbo liliniuma, nikakuuliza maswali kana kwamba najifunza. Nilijua utajibu, kwa sababu uliniamini kuliko ulivyopaswa. Barua yako ya tarehe 9 niliisoma nimesimama. Uliposema anajifunza kusema, "Mama, nilikudanganya," ningekuwa mama wa kweli ningekaa chini nikangoja mwisho wa mwezi, nifungue mlango nijifanye sijui. Mwanangu alikuwa njiani anakuja. Mimi nikamkatia njia.

Kwa nini? Nataka uelewe, maana nimejichunguza. Sikwenda kule kwa huruma ya mkwe wangu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimemtangaza kwa akina mama wa kanisa kuwa malaya, nikapewa maji ya kunywa na kuambiwa pole, kumbe yule niliyemsema hakuwa na kosa. Nilikuwa nimeaibishwa, na nilitaka mtu mwingine aaibike kuliko mimi.

Alikuwa anatoa mikate. Nikamwambia, "Umenifanya mwongo mbele ya Mungu!" Akasema, "Mama, tutoke nje." Nikasema, "Kwa nini nje? Kofi ulimpiga nje?" Nikaendelea. Wenzake waliacha kazi. Yeye aliweka chini koleo la mbao la kutolea mikate, mikono ikajikunja vile vile. Mwishowe akaniuliza jambo moja tu, "Nani amekwambia?" Nikasema, "Uliyemwambia." Mikate ikaungua. Nilisikia harufu yake nikiwa tayari barabarani.

Nimemwandikia Mkufunzi leo hii, nimemweleza yote, Shemasi arudishwe. Nimemwambia na Mchungaji wangu. Ameniweka pembeni, nisishauri mtu. Ni haki.

Ulipoandika unamtafuta mwenye mdomo, nikakujibu kwa mistari miwili kama mtu mwenye hekima, nilikuwa naficha mkia.

Sijui mwanangu yuko wapi.

Usiniite Mama kama huwezi.

Mkunga

---

8 Juni

Mama Mkunga,

Nimeandika barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, na matusi ya kinyozi unayafahamu. Ya pili ilikuwa ya mahubiri. Ya tatu nilikusamehe haraka haraka, kama mtu anayefunga duka mvua inanyesha. Hii ya nne nitasema ninachojua.

Nilikukasirikia. Ulinivuta ulimi ukijua unachovuta. Mtoto wa watu alikuwa amefika sentensi ya pili! Nami habari za mwanao na mkwe wako nilikuwa nimezisoma kwako tangu mwezi wa pili, nisiziunganishe na mtu aliyekaa mbele yangu.

Lakini nikimaliza kukukasirikia nabaki na mimi. Wewe hukuniambia nisimulie pasi. Ulisema nisimulie nilivyomsikiliza. Nami pale mbele sikusema neno juu ya kusikiliza. Nilisema kofi na jino, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyowafanya wanyamaze. Nilimkalia kitini mtu aliyenifunulia aibu yake, nikaigiza mikono yake, ili wenye diploma waache kucheka. Nilificha jina nikaonyesha mtu. Hata kama wewe usingekuwepo ukumbini siku ile, kosa lingekuwepo. Tofauti ni kwamba lisingejulikana.

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Kweli. Nilijiona msafi kumbe kisogoni nimejiachia kichaka.

Sasa sikiliza. Kimya nimempata. Sikusema kwa haraka kwa kuwa nilimwomba kwanza ruhusa ya kukuandikia hili, na amekubali. Anapakia magunia kwenye ghala la unga, ng'ambo ya reli. Nilikwenda mchana wakati wa mapumziko. Aliponiona akaendelea kula. Nikamwambia, "Sikuja kukushauri. Nimekuja kusema kwamba nilikuuza kwa makofi." Akaniuliza, "Walipiga sana?" Nikasema sana. Akatafuna, akameza, akasema, "Basi angalau mmoja wetu alifaidi."

Sikucheka. Yeye pia hakucheka. Lakini hakunifukuza. Nikakaa kwenye gunia hadi kengele ilipolia. Nimekuwa nikirudi. Siku nyingine hatuzungumzi kabisa. Stoo haingii tena, na hilo sitamwomba.

Nilimweleza kuwa mama yake ndiye mwenzangu wa barua. Alijikung'uta unga mikononi, akasema, "Kumbe lile taulo kichwani lilikufaa."

Bado nakuita Mama. Sijui kuita vingine.

Kinyozi

---

19 Juni

Mama,

Shikamoo.

Nilikudanganya. Hakuwa na mwanamume. Nilimpiga, akaondoka kwa sababu nilimpiga. Haya unayajua, lakini hukuyapata kwangu, kwa hiyo nayaandika ili uyapate kwangu.

Siyo kofi lile moja. Kinyozi alidhani ni moja, nilimficha. Kulikuwa na mengine kabla.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nilikuwa nakuja. Nilikuwa nimenunua tiketi. Ulipoingia pale kiwandani nilidhani kuna msiba nyumbani, nikafurahi kukuona hata hivyo, kwa muda kama wa kupepesa macho. Kisha ukaanza.

Mke wangu sijamwendea. Kinyozi ananiambia kuomba msamaha na kuomba arudi ni mambo mawili, na mimi bado siwezi kuyatenganisha, kwa hiyo nangoja. Lakini jina ulilompa kwa akina mama wako, mimi nilikupa kamba na wewe ukamfunga. Upande wangu nitaufungua. Upande wako siwezi kukufungulia.

Kikohozi chako kimepungua?

Mwanao,
Kimya

---

2 Agosti

Mama Mkunga,

Semina ya tatu imekwisha. Kiti chako kilibaki kitupu, na hakuna aliyekikalia, ingawa ukumbi ulijaa.

Mkufunzi aliomba mifano. Nikasimama. Wengine waligeuza viti vyao vizuri wapate kunitazama, wakitegemea hadithi nyingine. Nikasema, "Leo mfano ni mimi." Nikawaambia kwamba hapa hapa niliwapa mtu ambaye sikuwa na haki ya kumtoa, akakosa kazi yake. Kisha nikamsingizia mwingine. Sikukutaja wewe, hilo ni lako kulisema. Nikamgeukia Shemasi, alikuwa amekaa karibu na mlango na lile koti lake, nikamwomba msamaha.

Alisimama pole pole. Akasema, "Msamaha nimekupa, ndugu. Lakini nikipata shida na mke wangu, kwako siji." Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, na wakati nacheka machozi yakanitoka nikashindwa kuyazuia mbele ya wenye vyeti wote.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkufunzi akasema yeye ndiye aliyeomba mifano ile bila kutufundisha kwanza mipaka yake, na yeye ndiye aliyenisifu. Akaomba radhi naye. Mchana wote tulijifunza hilo moja, namna ya kusaidiana sisi kwa sisi bila kuwabeba watu waliotuamini na kuwatembeza. Tumekubaliana kwamba anayetaka kusimulia aombe ruhusa kwanza, na akikataliwa asimulie udhaifu wake mwenyewe, maana huo hauishi.

Wakati wa chai dada mmoja alikuja kuniambia kwamba naye aliwahi kusema ya mtu, na hajalala vizuri tangu hapo. Nikataka kumpa maneno. Nikampa kiti.

Wewe je? Umekwenda kwa mkwe wako?

Kinyozi

---

21 Agosti

Mwanangu Kinyozi,

Nilikwenda.

Dobi ile ina joto kuliko chumba cha kuzalia. Wanawake wamesimama mstari mmoja, kila mmoja na pasi yake. Aliponiona hakuacha kazi. Jino lile halijatengenezwa. Alimaliza shati, akalikunja, akachukua jingine. Akasema, "Mama, sirudi."

Nikasema, "Sikuja kukurudisha."

"Umefuata nini?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, mimi niliyewafundisha watu namna ya kuomba radhi. Nikasahau yote. Nikasema, "Nilikuita malaya kwa watu. Si kweli. Nisamehe."

Akainyunyizia maji kola ya shati. Akaniuliza, "Uliwaambia watu wangapi?" Nikasema kikundi kizima. "Basi umekosea njia," akasema. "Mimi nilijua siku zote kwamba si kweli. Wasiojua ni wale. Nenda kawaambie wao, pale pale uliposimama." Kisha akanipa kisogo.

Nilikwenda. Jumamosi hiyo hiyo, pale kwenye ukumbi wetu mdogo, wasichana wa kuolewa mstari wa mbele kama kawaida. Nilisema mkwe wangu hakumfuata mwanamume yeyote, alikimbia kipigo, na aliyempiga ni mwanangu, na mimi nilimpaka matope bila kumuuliza hata swali moja. Kinyozi, mimi nimekata vitovu katika mji huu kiasi kwamba nikipita sokoni naamkiwa na kila kizazi. Siku hiyo hakuna aliyeniamkia. Mwenyekiti aliangalia dirishani. Mmoja alisema kwa sauti ya chini ila nilisikia, "Na ndoa zetu alizozishauri?" Msichana mmoja alitoka nje, na baadaye nikasikia ameahirisha harusi. Simjui mchumba wake, wala sikuuliza.

Sijarudishwa kwenye ushauri, na sijaomba. Napita kuwaosha nywele wazee wasioweza kuinama, basi. Ni kazi isiyohitaji maneno.

Mkwe wangu alipata habari, sijui kwa nani. Akaniletea ujumbe mfupi: naweza kuja pale dobi kumwona mtoto siku asizokwenda shule, nikae nje penye benchi, nisilete salamu za mtu yeyote.

Jana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye benchi anavuta uzi kutoka kwenye soksi. Amekuwa mrefu. Sikumkumbatia, nilisimama pale kama anayengoja zamu hospitali. Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akaniuliza, "Wewe ndiye yule bibi aliyesema mama yangu ni mbaya?"

Mlango wa dobi ulikuwa wazi. Pasi ndani zilikuwa zimenyamaza.

Nikamwambia, "Ndiye mimi. Na nilisema uongo."

Akafikiri. Akaivaa soksi yake, akaivuta vizuri hadi juu. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akanipisha nafasi.

Mama yako,
Mkunga